Nani Yuko Ndani ya Mahindi

Jumatano moja ya mwezi wa saba, mwaka juzi, nilimpoteza mdogo wangu. Alijiua. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Mama husema ni presha, na watu wakimwuliza mbele yangu mimi hunyamaza, maana yeye ndiye aliyemzaa na anaweza kusema apendavyo. Lakini hapa ninaandika mimi.

Alikuwa mwanajeshi. Alienda Somalia, akarudi, akaenda tena, na aliporudi mara ya pili aliacha kazi kabla ya wakati wake akaja nyumbani kwetu, juu huku kwenye chai, Bomet ya upande wa Kericho. Mimi ni dada yake mkubwa. Shule niliiacha darasa la saba, na kabla ya hapo nilikuwa nikimbeba mgongoni mama akiwa ameenda kuchuma chai kwenye mashamba makubwa. Kwa hiyo nilimjua. Aliporudi alikuwa mtu wa mabega mapana, mpole kama zamani, ila hakuweza kukaa. Sisemi kukaa nyumbani. Nasema kukaa kwenye kiti.

Alikula akiwa amesimama mlangoni. Kanisani alichagua mwisho wa benchi la nyuma, na hata hapo wimbo wa pili haukumkuta. Ungemwona kichwa chake kikipita kwenye dirisha, halafu dirisha la pili, halafu akaonekana upande mwingine, akizunguka kanisa mpaka tumalize. Watoto walikuwa wakigeuka kumwangalia badala ya kumwangalia mhubiri.

Mahali pekee alipotulia ni kwenye chai. Alichuma nami siku zote za kuchuma, hata mvua ikinyesha, na jioni ndiye aliyebeba majani mpaka kituoni kupimwa. Nilidhani anapenda kazi. Sikufikiri kwamba chai hukatwa ikawa sawa kama meza, inakufika kiunoni, na ukisimama katikati yake unamwona kila mtu kuanzia tumboni kwenda juu, hadi bondeni. Hakuna anayeweza kukujia kwenye chai bila wewe kumwona. Nimechuma chai maisha yangu yote na jambo hilo sikuwahi kuliona, kwa sababu sikuwahi kulihitaji.

Mwezi wa sita, mahindi yetu ya nyuma ya nyumba yalikuwa yamempita mtu kwa urefu na yameanza kutoa maua. Asubuhi moja alichukua panga akayafyeka yote. Alianza upande wa jikoni akaenda mpaka kwenye ua wa jirani, bila hasira, kama mtu anayefanya kazi aliyotumwa. Watu walikuja kutazama. Baba yetu mdogo alisimama na mikono nyuma akasema, "Hata ng'ombe akiingia kwa shamba huwa anabakisha kidogo." Wengine walicheka. Mama hakucheka, alilia, kwa sababu hicho kilikuwa chakula cha mwaka.

Mimi nilikusanya mabua nikampa ng'ombe. Ninachokumbuka ni kwamba siku hiyo alikaa. Alileta kiti, akakiegemeza ukutani, akatazama ile nafasi tupu, akanywa chai yake yote. Lakini ng'ambo ya ua mahindi ya jirani yalibaki yamesimama, na hayo hayakuwa yetu kuyakata. Mwezi uliofuata akafa.

Siku ya mazishi, watu walikuwa wamejaa uwanjani, ila mtu mmoja alisimama mbali, katikati ya chai yetu, amevaa koti jeusi, majani yamemfika kiunoni. Niliambiwa ni mwenzake wa jeshini, ametoka Bomet mjini. Nikamtumia kiti, kikarudishwa. Nikaenda mwenyewe.

"Karibu uje kwa watu," nikamwambia. "Kuna chakula."

"Asante, dada. Hapa pananitosha."

Alikuwa akitazama nyuma ya nyumba, pale ardhi ilipokuwa wazi na vishina vimebaki. "Hayo mahindi aliyakata yeye?"

"Ulijuaje?"

"Mimi pia ningeyakata."

Halafu, kwa sababu sikuondoka, akaniambia. Kule walikokuwa kuna mto, na kando ya mto watu hupanda mahindi kama huku kwetu, na barabara inapita katikati. Hapo akachuma jani moja la chai akalivunja vunja. Hakunieleza zaidi na mpaka leo hajanieleza, wala sijamwuliza.

Tangu siku ile, kutotulia kwa mdogo wangu kulinihamia mimi. Sijui neno lingine la kulisema. Nilipalilia palipopaliliwa. Nilitoka kwenda sokoni nikafika nikarudi bila kununua kitu. Usiku nililala, hilo silikatai, lakini mchana miguu ilikuwa ikinidai. Mama akasema, "Wewe nawe umeanza?" Nikakaa chini ili aone nimekaa. Chai ikipikwa, mimi ndiye wa kwanza kusimama kwenda kuosha vikombe ambavyo watu bado wanavinywea.

Yule mwenzake alianza kuja siku za kuchuma. Hakusema anakuja kwa nini. Alikuwa akishuka kwenye pikipiki, anavaa gunia la plastiki kiunoni kama wanawake, anachuma. Vidole vyake vilikuwa vizito na mwanzoni alileta majani magumu mpaka karani wa kituo akamrudishia nusu. Jirani yangu alimcheka sana. Huyu jirani ni mtu wa kutoka kando ya ziwa, alikuja huku akiwa msichana kuchuma chai kwenye mashamba makubwa, na hakurudi tena kwao. Mdomo wake hauna breki.

"Bwana askari," alimwambia, "hii ni chai, si miwa. Chukua majani mawili na kile kichwa kidogo. Ukichukua mti mzima tutapanda nini?"

Akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka, na nilikumbuka kwamba mdogo wangu naye alicheka hivyo hivyo, kwa pua.

Mama yake yule mwenzake alikuwa Siongiroi, chini huko Chepalungu, kwenye ng'ombe na mahindi. Miguu ilimsumbua, hakuweza kusafiri. Yeye alikuwa akienda kumwona kuanzia mavuno mpaka wakati wa kupanda, na mahindi yakishafika magotini haendi tena mpaka yavunwe. Alikuwa amemwambia mama yake kwamba ni kazi. Mwaka jana, tukiwa tunachuma, aliniambia mama yake sasa haoni vizuri pia. Halafu akasema, "Nikishindwa kufika kwa mama yangu, dada, mimi ni wa nini?"

Aliyasema polepole tu huku mikono ikichuma. Lakini mdogo wangu alikuwa ameniuliza swali la namna hiyo hiyo, wiki chache kabla hajafa, na mimi nilimwambia, "Wewe ni wa kubeba majani, twende." Safari hii gunia langu lilijaa na sikuhisi likijaa.

Ndipo kanisani pakatangazwa matembezi. Watakaotaka watatembea kutoka Bomet mjini mpaka Siongiroi, kwa ajili ya askari waliostaafu ambao akili zao hazijapumzika, na kitakachochangwa kitamlipa mshauri wa kukaa nao, mtu aliyesomea kazi hiyo. Mhubiri alisema neno "akili" kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja ugonjwa wa aibu. Mama alitazama mikono yake.

Nilimwambia mwenzake nikidhani atakataa. Alisimama na majani mkononi.

"Mwezi wa sita?"

"Mwishoni."

"Wakati huo yatakuwa yametoa maua."

"Ndiyo."

Akachuma mistari miwili. Kisha akasema atatembea. Kwenye gari hawezi, alisema, kwa sababu gari linakwenda mbio na huoni vizuri kando. Kwa mguu huenda akaweza. "Ila ukiniona nimesimama, usinishike. Niambie tu unaona nini. Ongea, hata kama ni mambo ya bure. Nisipofika mara hii, dada, sitajaribu tena."

Nikasema sawa. Nilirudi nyumbani nikafua nguo ambazo nilikuwa nimezifua jana yake.

Siku yenyewe ilianza na baridi. Tulipewa fulana nyeupe na maji. Walikuwapo wazee wachache wa jeshi na kofia zao, wanawake wa makanisa, walimu, na vijana waliotembea nusu kilomita mbele wakipiga picha. Jirani yangu alikuja na ndala.

"Utafika Siongiroi na hizo?" nikamwuliza.

"Miguu ni yangu, ndala ni zangu. Nyinyi watu wa huku mnaenda hata chooni mbio. Leo ni kutembea. Mimi ndiye nitawafundisha."

Mwanzoni ilikuwa chai pande zote mbili, ya kijani ya mvua, na wachumaji waliinua mikono. Mwenzake alitembea vizuri. Aliongea na jirani yangu habari ya samaki, kama ni kweli omena wa siku hizi wana mchanga, na jirani yangu akaapa kwamba mchanga unaongezwa Bomet na wafanyabiashara wa hapa. Waliokuwa nyuma yetu wakapiga kelele kupinga. Nilikuwa karibu kufurahi. Ila miguu yangu ilikuwa ikitaka kwenda mbele kuangalia njia, halafu irudi, kama mbwa anayetembea na watu.

Tulivyoteremka chai ilipungua. Ilikuwa vipande, halafu kipande kimoja nyuma ya duka, halafu ikaisha. Jua likawa kali. Palikuja malisho, ng'ombe, mikaratusi, kisha mahindi, kwanza upande wa kulia tu na mbali na barabara. Mwenzake akaacha habari za omena. Akahamia katikati ya barabara. Pikipiki zilimpigia honi, akawa hasikii.

Nikaanza kuongea.

"Kulia ni mahindi. Yamepandwa vibaya, mistari imepinda. Kuna mtoto na mbuzi. Kushoto hakuna kitu, ni malisho."

"Sawa."

"Kulia bado mahindi. Kuna mama anaanika nguo. Shuka la bluu."

"Sawa."

Jirani yangu aliniangalia, akaelewa, akachukua upande wa kushoto. "Huku kuna ng'ombe mweupe mwenye kiburi. Huku kuna kijana analala chini ya mti na ana kazi ya kufanya, naona jembe lake. Huku kuna jogoo wa jirani yangu mpya, jioni ni wangu."

Hivyo tulienda, mmoja kila upande, tukiongea kama redio mbili. Wengine walitupita. Sauti ilinikauka. Nilimwona jasho linamshuka shingoni, na mikono yake ilikuwa ikitafuta kitu kifuani, pale kamba ya bunduki inapopita, haikipati, inarudi chini, inatafuta tena. Mdogo wangu alifanya hivyo pia. Nilidhani anajikuna.

Karibu na Siongiroi barabara inaingia kati ya mashamba mawili na kuwa nyembamba. Pande zote mbili mahindi yalikuwa yamefika ukingoni, marefu, yamechanua, na upepo ulikuwa ukiyasugua majani. Mbele tuliona watu wa kwanza wameshapita, na baada ya mashamba hayo kuna uwanja wa shule na hema. Haikuwa mbali. Ungeweza kusikia kipaza sauti.

Akasimama. Sikumshika. "Kulia, mahindi," nikasema. "Mistari imenyooka. Kuna maharagwe chini. Hakuna mtu."

Niliposema hakuna mtu, nilikuwa nikisema ninachoona. Akaniamini, akaingia.

Sasa nieleze jambo ambalo hatukulijua. Kijiji kile kina mwanariadha aliyewahi kurudi na medali, na siku aliporudi wanawake walijificha ndani ya mahindi, na alipofika katikati wakatoka pande zote mbili kwa vigelegele wakamvisha sinendet, ule mmea unaotambaa tunaowavika washindi shingoni. Watu waliyasifu sana mapokezi hayo. Tangu wakati huo mgeni wa heshima hapokewi kijijini humo kwa njia nyingine. Askofu alipokewa hivyo. Bibi harusi alipokewa hivyo. Kwa hiyo waliposikia wanakuja askari, wanawake wa kanisa lao walijificha tangu asubuhi, wakawaachia vijana wa kupiga picha na hata wazee wenye kofia wapite, na kumngojea mtu anayeonekana ni askari kweli.

Tulikuwa katikati. Mahindi yakatikisika pande zote mbili na vigelegele vikapasuka.

Sikumwona akienda chini. Nilichojua ni kwamba mimi niko mtaroni, uso kwenye majani, na mkono wake umenikandamiza mgongoni, na jirani yangu yuko upande wa pili wake anasema, "Yesu, ndala yangu." Vigelegele vilikatika kimoja kimoja. Nilipoinua kichwa, wanawake walikuwa wamesimama barabarani na sinendet mikononi, vinywa wazi. Mbele yao alikuwa kogo mmoja, bibi mzee mwembamba mwenye koti la kiume na buti za mvua.

"Woi," akasema. "Nimeua mtoto wa mtu."

Hakuwa amekufa. Aliinuka, akatazama mikono yake, akatuinua sisi, mmoja mmoja, kwa adabu. Kisha akageuka akarudi tulikotoka, bila kukimbia, mpaka pale mahindi yanapoanzia na malisho yako wazi. Hapo pana daraja dogo la mfereji. Akakaa juu ya ukingo wake. Nilipomfikia meno yake yalikuwa yakigongana kwenye jua.

"Narudi Bomet," akasema.

"Uwanja uko pale."

"Nauona. Narudi Bomet."

Mmoja wa waliopanga matembezi alikuja na pikapu, mtu mzuri, akasema apande nyuma, dakika moja tu wapo uwanjani, mama yake anangoja. Akatikisa kichwa. Yule mtu akasema basi afunge macho. Mwenzake akamwangalia tu mpaka akaondoka na gari lake.

Nilikaa kando yake. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu kwamba niliketi na miguu ikakubali, kwa sababu ilikuwa inaogopa. Nilifikiri: atarudi Bomet kwenye chumba chake cha kupanga, atafunga mlango, na mimi nitapigiwa simu siku ya Jumatano au siku nyingine. Sikufikiri kitu kingine. Jirani yangu alikuwa amesimama mbele yetu na ndala moja mkononi, kamba yake imekatika.

Yule kogo akaja. Alikuja katikati ya barabara, mikono ameinyoosha mbali na mwili, ili aonekane hana kitu. Sijui nani alimwambia afanye hivyo. Akasimama mbali kidogo.

"Mtoto wangu, nisamehe. Ilikuwa furaha."

"Najua, kogo."

"Yale mahindi ni yangu. Ya kulia. Ya kushoto ni ya shemeji, na yeye ni mkali, lakini ya kulia ni yangu. Nimekosa nini nikirekebishe?"

"Si wewe, kogo." Aliongea akitazama mahindi, si yeye. "Ni kutojua nani yuko ndani."

"Ndani ya mahindi yangu?" Kogo aligeuka akayatazama, kana kwamba ni kweli anataka kujua. "Nani atakuwa ndani? Ni mimi tu. Mimi na kuku, na panya mmoja."

"Wewe uko hapa nje."

Kogo akafikiri. Midomo yake ilikuwa ikitembea. Halafu akasema, "Basi ngoja," akapandisha koti lake, akaingia kwenye mahindi kama anayeingia mtoni. Majani yakamfunika. Tukaona maua ya juu yakitikisika anapopita, na sauti yake ikatoka humo ndani, kubwa kuliko mwili wake.

"Niko hapa! Ni mimi! Hapa kuna maharagwe! Hapa kuna malenge, kubwa, hili sikulijua! Hakuna mtu mwingine! Unanisikia?"

Mwenzake aliinua kichwa.

"Unanisikia, we askari?"

"Nakusikia, kogo."

"Tembea basi, mimi ni mzee, sitakaa humu mpaka Krismasi!"

Jirani yangu akanipa ndala yake niishike. "Ya shemeji ni wapi? Kushoto?" Akaingia upande wa kushoto na mguu mmoja mtupu. Wale wanawake waliokuwa wamesimama barabarani na sinendet wakatazamana, kisha wakagawanyika, wengine kulia, wengine kushoto, wakatoweka tena humo walimokuwa wamejificha. Ila safari hii kila mmoja alikuwa akipiga kelele.

Mwenzake alisimama kutoka kwenye daraja. Nikasimama naye. Tulienda katikati ya barabara, mimi na yeye tu, na mahindi pande zote mbili yalikuwa yakiongea.

"Hapa hakuna mtu, ni mimi mama wa mapacha!"

"Hapa ni mimi! Nani amekunya huku? Shemeji, ni wewe?"

"Kuna kuku ameatamia! Usimkanyage, pita huku!"

"Jembe langu! Wanawake, jembe langu lililopotea wakati wa palizi, liko kwa shamba ya shemeji! Si niliwaambia?"

"Askari," jirani yangu alipiga kelele kutoka kushoto, "huku kwa huyu shemeji mkali mahindi ni mazuri. Nikichukua mawili utanikamata?"

Sikio la mwenzake lilikuwa likienda kulia na kushoto, kufuata kila sauti. Mkono ulipanda kifuani ukashuka, ukapanda. Mahali fulani palikuwa na kimya upande wa kulia, pengine mtu alikuwa akivuta pumzi, na yeye akasimama palepale, shingo ngumu. "Nani yuko hapo?" akasema, si kwa sauti ya kawaida.

"Ni mimi," sauti ya kogo ikasema, karibu sana, na imechoka. "Buti limejaa udongo. Nipe nafasi."

Akampa nafasi. Tulingoja barabarani mpaka kogo alipomwaga udongo wake na kutangaza kwamba amemaliza. Nilimsikia mwenzake akitoa pumzi kwa pua. Kilikuwa kicheko kidogo.

Mahindi yakaisha ghafla, ukaja ua wa shule, na uwanja. Watu wengi walikuwa wameshakula, vijana walikuwa wakikunja hema. Mbali, karibu na mlango wa darasa, mama mzee alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, fimbo magotini, uso umeelekezwa barabarani ingawa sidhani alituona. Mwenzake alimwona. Alipiga hatua mbili kwenda kwake.

Wanawake walikuwa wakitoka kwenye mahindi, vitambaa vyao vya kichwa vimejaa unga wa njano wa maua, wakipanguzana, wakibishana kuhusu jembe. Jirani yangu alitoka akachukua ndala yake mkononi mwangu.

Mwenzake akasimama, akageuka. Aliwatazama wanawake wale mmoja mmoja, kama anayehesabu watu wake.

"Kogo hajatoka," akasema.

Tukasikiliza. Ndani ya mahindi, nyuma ya ua wa miiba, kulikuwa na mchakacho na mtu akiguna.

"Kogo!"

"Niko! Hapa kuna waya, koti limeshikwa."

Alirudi mpaka ukingoni, mahali majani yalipokuwa yamesongamana zaidi. Akasimama hapo kidogo. Kisha akaingiza mkono wake ndani ya mahindi, mpaka begani, na kumwambia aushike.